Pulao ya Britannia: kipi kilitoka Iran, kipi Gujarat, na kipi ni cha juzi

Ballard Estate ni mtaa wa ofisi ulio ubavuni mwa bandari ya Mumbai. Ulijengwa kati ya 1914 na 1918 juu ya sehemu ya bahari iliyojazwa udongo, na ardhi yake ni ya mamlaka ya bandari. Katika mtaa huo, tangu mwaka 1923, familia ya Kohinoor inaendesha mkahawa uitwao Britannia & Co. Dari ni refu, rangi ya kuta imebanduka, viti ni vya mbao iliyokunjwa kwa mvuke. Sahani inayowafanya watu wapange foleni saa sita mchana ni pulao: wali uliofunika nyama yenye viungo, na juu yake vitunguu vya kukaanga, korosho na tunda dogo jekundu, chachu, lenye ukubwa wa punje ya mchele. Tunda hilo ni zereshki.

Wageni wengi huandika kwamba hicho ndicho chakula cha kale cha Waparsi, jamii ya India yenye asili ya Uajemi. Mkahawa una zaidi ya miaka 100, lakini sahani hiyo iliingia kwenye orodha ya vyakula mwaka 1982. Akina bibi wengi wa Kiparsi waliofariki kabla ya hapo hawakuwahi kuionja. Kwa upande mwingine, vyakula ambavyo kweli ni vya Waparsi tangu zamani, kama dansaki, vina masharti yake ya lini viliwe na lini visiliwe, na mgeni hawezi kuyaona kwa kusoma orodha ukutani. Ndiyo maana tunaona inafaa kuifumua sahani hii uzi kwa uzi.

Waparsi na Wairani wa Mumbai

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Waparsi na wale wanaoitwa Wairani mjini Mumbai wote ni Wazoroasta, wafuasi wa dini ya Zarathustra iliyokuwa dini kuu ya Uajemi kabla ya Uislamu. Lakini walifika India kwa nyakati tofauti. Waparsi walivuka bahari zaidi ya miaka 1,000 iliyopita na kutua pwani ya Gujarat. Wakachukua lugha ya Kigujarati na sari, wakachukua viungo, nazi, ukwaju na sukari guru. Wakabaki na dini yao, na mkono wa Kiajemi wa kuchanganya nyama na matunda.

Wairani walikuja karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, wengi wao kutoka Yazd na Kerman. Huko walikuwa wachache wanaobanwa; kodi ya jizya waliyotozwa kwa kutokuwa Waislamu ilifutwa mwaka 1882 tu, na mwanzoni mwa miaka ya 1870 njaa kali iliipiga Iran. Walifika Bombay mifuko mitupu. Wengi walianza kwa kuuza chai, kisha wakafungua mikahawa ya pembeni mwa barabara: chai ya maziwa, mkate laini uliopakwa siagi, mayai, keki. Kyani & Co. ya mwaka 1904 bado ipo. Na si kila mkahawa wa Kiirani nchini India ni wa Mzoroasta. Hyderabad, kwa mfano, mingi ilianzishwa na Waislamu wa Kishia kutoka Iran.

Basi mkahawa wa Kiirani kwa asili yake ulikuwa mahali pa chai na mkate. Chakula cha Kiparsi kilikaa majumbani na kwenye karamu za harusi. Hakikuwa na haja ya mgahawa, kwa sababu Mparsi aliyekitaka alikula kwa mama yake. Britannia ni moja ya sehemu chache ambako mito hii miwili ilikutana chini ya paa moja.

Rashid Kohinoor, mwanzilishi, alikuwa Mwirani. Familia inaeleza kwamba jina la Britannia lilichaguliwa ili kibali kipatikane upesi kwa maofisa wa Kiingereza, na chakula cha mwanzo kiliwalenga haohao: vyakula vya Kizungu visivyo na pilipili. Wakati wa Vita Kuu ya Pili jengo lilichukuliwa na jeshi, na mkahawa ukafunguliwa tena baada ya vita. Zikaja biriani na michuzi ya kawaida ya Mumbai. Kisha Bachan Kohinoor, mke wa Boman mwana wa Rashid, ambaye alikuwa ameishi na kufanya kazi Tehran, akarudi na wazo la wali wa zereshki. Akaubadilisha uwafae walaji wa Bombay. Hiyo ndiyo pulao ya 1982.

Alichokibadilisha Bachan

Wairani wana sahani iitwayo zereshki polo. Wali ni mweupe, sehemu yake imetiwa zafarani, zereshki zimenyunyizwa juu, na kuku amepikwa kando kwa vitunguu na zafarani. Hakuna pilipili. Chini ya sufuria kunaachwa ukoko kwa makusudi, tena huo ukoko ndio mgeni wa heshima hupewa kwanza.

Pulao ya Britannia inaacha mbinu ya wali kama ilivyo na kubadilisha nyama. Kuku au mbuzi hupikwa kwenye rojo lenye viungo na pilipili, kisha huzikwa chini ya wali, na vidonge vidogo vya nyama ya kusaga huongezwa. Ukiletewa sahani utaona wali tu. Nyama unaifukua kwa kijiko. Anayekula juujuu akafika chini kwa kuchelewa amekula sahani mbili tofauti, ya kwanza kavu na ya pili kali. Fukua tangu mwanzo.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki aangalie jina lisimdanganye. Pilau yetu hupikwa kwa kunywesha: kitunguu kinakaangwa mpaka kahawia, nyama na viungo vinaingia, mchele unameza supu yote. Pulao hii ni ya kuchemsha, kuchuja na kufukiza, kama wali wa biriani. Tofauti yake na biriani ya Zanzibar ni kwamba sisi twapakua wali na rojo mbalimbali, ilhali hapa rojo limefichwa na kufukizwa pamoja na wali.

Namna ya kuijenga nyumbani

Kipimo cha viungo vya jikoni mwa Britannia ni siri ya familia. Umbile la sahani si siri, na vipimo vifuatavyo, kwa watu sita, vinalifuata umbile hilo.

Roweka gramu 500 za mchele wa basmati kwa dakika 30 baada ya kuuosha mpaka maji yawe meupe kidogo tu. Wakati huo kaanga vitunguu vikubwa vitatu vilivyokatwa vyembamba mpaka viwe rangi ya asali. Toa theluthi moja uiweke kando kwa kupambia. Kwenye vilivyobaki tia kijiko kikubwa cha tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, nusu kijiko cha chai cha manjano, kijiko cha chai cha pilipili nyekundu ya unga, kimoja cha bizari nyembamba, viwili vya giligilani, kijiti cha mdalasini na iliki nne. Tia nyanya mbili, zikaange mpaka mafuta yajitenge. Ongeza gramu 750 za mapaja ya kuku yasiyo na mfupa na gramu 150 za mtindi uliopigwa. Pika mpaka kuku aive na rojo libaki zito, la kushika kwenye kijiko. Ukitumia mbuzi, chukua kilo moja, mchemshe kwanza mpaka alainike kabisa. Mvuke wa mwishoni hauna nguvu ya kumwivisha.

Rojo ndipo wengi wanapoharibu. Likiwa jepesi, wali wa chini unalinywa na kuwa bokoboko, na wa juu unabaki mkavu. Kama kuku ameiva na rojo bado linatiririka, mtoe kuku na uendelee kulikausha.

Chemsha lita 3 za maji na vijiko vitatu vikubwa vya chumvi. Maji yaonje: yawe na chumvi kama ya bahari iliyopunguzwa, kwa sababu mengi utayamwaga. Tia mchele uliochujwa na uanze kuuangalia dakika ya nne. Bonyeza punje kati ya vidole: nje iwe laini, katikati kubaki kiini kigumu chembamba. Mara nyingi hilo hutokea kati ya dakika 5 na 7. Chuja papo hapo. Mchele ulioiva kamili kwenye maji hautaokolewa na chochote baadaye.

Panga nyama chini ya sufuria nzito, wali juu, bila kushindilia. Saga nyuzi za zafarani kiasi cha robo kijiko cha chai pamoja na chembe za sukari, uiloweke kwenye vijiko vitatu vya maji ya moto kwa dakika 10, kisha umwagie juu ya wali pamoja na vijiko viwili vya samli. Usiichemshe zafarani, harufu yake hupotea na mvuke. Funga mfuniko kwa kitambaa kinachonyonya jasho, weka moto wa kati kwa dakika 3, kisha moto mdogo kabisa kwa dakika 20 hadi 25. Mwenye jiko la mkaa apalie makaa juu ya mfuniko kama anavyopalia wali wa nazi, na apunguze ya chini.

Sasa zereshki. Gramu 45 zinatosha. Zichambue, maana huja na vijiti na mara nyingine vijiwe. Zitie kwenye bakuli la maji baridi kwa dakika 10: vijiwe na mchanga hutuama chini, zereshki huelea au kulegea juu. Zitoe kwa mkono, usimwage bakuli lote kwenye chujio ukarudisha mchanga. Yeyusha kijiko kikubwa cha samli kwenye moto mdogo, tia zereshki na kijiko cha chai cha sukari, geuza kwa dakika moja, zisizidi mbili. Zitavimba na kung'aa kama vito. Ukiendelea zinageuka nyeusi na chungu, na uchungu huo utaukuta kwenye kila tonge. Zitie juu ya wali wakati wa kupakua, pamoja na korosho zilizokaangwa na kile kitunguu ulichoweka kando. Zikifukizwa ndani ya sufuria hupoteza rangi na kuupaka wali madoa ya waridi iliyochujuka.

Asiyepata zereshki atumie kranberi kavu zilizokatwa vipande vidogo na kukamuliwa limau, akiacha ile sukari. Zabibu hazifai. Kazi ya zereshki ni kukata mafuta ya samli na rojo kwa uchachu. Ukiweka tamu mahali pake sahani inakuwa nzito na kuchosha baada ya vijiko vichache.

Dansaki, chakula cha Jumapili

Ukitaka sahani iliyo ya Waparsi kwelikweli, agiza dansaki. Ni nyama ya mbuzi iliyopikwa ndani ya mchanganyiko wa nafaka za jamii ya kunde na mboga, huliwa na wali wa kahawia, kababu na kachumbari. Ndiyo, kachumbari ileile, jina lilelile, iliyosafiri kwa majahazi ya Wagujarati.

Msingi wake kwa watu sita ni gramu 200 za mbaazi za kukoboa, gramu 75 za adesi nyekundu na gramu 50 za choroko za kukoboa. Boga gramu 150, biringanya moja ndogo, kitunguu, na konzi ya majani mabichi ya uwatu. Nyama iwe gramu 700, yenye mifupa. Vyote huchemshwa pamoja. Nyama ikiiva hutolewa, na kilichobaki hupondwa na kupitishwa kwenye chujio mpaka kiwe laini kama uji mzito. Halafu hukaangwa viungo: kitunguu saumu, tangawizi, giligilani, bizari nyembamba, mdalasini, karafuu, iliki, mbegu za uwatu na haradali, pilipili kavu. Waparsi huongeza pia mchanganyiko wao uitwao sambari, wenye pilipili, manjano, uwatu, haradali na mvuje. Usiuchanganye na sambari ya India Kusini, ambayo ni mchuzi. Uji na nyama hurudishwa humo na kutokota nusu saa, mpishi akikoroga chini kila mara, kwa kuwa hushika upesi.

Ukwaju na sukari guru huingia mwishoni kabisa. Uchachu ukitangulia, mbaazi hukaza na hata ukipika saa tatu hazilainiki. Mpishi anayelalamika kwamba mbaazi zake "ni za zamani" mara nyingi alitia ukwaju au nyanya mapema.

Wali wa kahawia ndio unaokaribiana na pilau yetu. Kijiko kikubwa cha sukari huunguzwa kwenye samli mpaka rangi ya kahawa nyepesi. Hapo hutiwa kitunguu cha kukaanga, mdalasini, karafuu na iliki, mchele vikombe viwili na maji vikombe vitatu na nusu. Sukari ikiwa njano, wali utakuwa mtamu usio na rangi. Ikifika nyeusi, anza upya.

Na masharti yake? Kwa mila, mtu akifariki, jamaa zake hawali nyama kwa siku tatu. Siku ya nne huivunja ile saumu kwa dansaki. Kwa sababu hiyo Mparsi hapiki dansaki kwa harusi, siku ya kuzaliwa wala Mwaka Mpya. Siku za furaha hupikwa wali mweupe na mbaazi za manjano pamoja na patio, mchuzi mtamu-mchachu wa kamba au samaki. Jumapili isiyo na tukio lolote ni halali ya dansaki, na baada yake watu hulala. Mgeni anayemtakia mwenyeji Mparsi mema ya harusi kwa kumwagizia dansaki amekosea pakubwa bila kujua. Ile "dansaki" yenye mananasi ya migahawa ya kari ya Uingereza ni kitu kingine kabisa.

Vinavyozunguka meza

"Patra ni machi", kama Waparsi wanavyoiita, ni samaki aliyepakwa chatini ya kijani na kufungwa kwenye jani la mgomba. Mumbai hutumia pamfreti. Pwani yetu changu au nguru wa vipande hufaa. Chatini ni nazi moja iliyokunwa, kotmiri fungu kubwa, pilipili mbichi nne, punje sita za kitunguu saumu, kijiko cha chai cha bizari nyembamba, sukari kidogo na ndimu. Nazi isikamuliwe tui, la sivyo chatini inakuwa machicha makavu. Jani lipitishwe juu ya moto mpaka ling'ae ndipo likunjike bila kupasuka. Fukiza dakika 15 hadi 20.

Sali boti ni nyama iliyopikwa kwa nyanya, siki ya miwa na sukari guru, juu yake nyuzi za viazi vya kukaanga. Nyuzi ziwekwe mezani, si jikoni. Dakika tano ndani ya mchuzi zimekwisha. Baada ya hapo soda nyekundu ya rasiberi ya Pallonji, kampuni iliyoanza 1865, na kastadi ya karameli, urithi wa wazi wa wakati wa Waingereza.

Waparsi walifika pia kwetu. Zanzibar walikuwa na hekalu lao la moto, na Farrokh Bulsara, ambaye dunia ilimjua baadaye kama Freddie Mercury, alizaliwa kisiwani mwaka 1946 kwa wazazi Waparsi. Familia yake, kama nyingine nyingi, iliondoka mwaka 1964.

Kwa nini imebaki michache

Sensa ya India ilihesabu Waparsi 69,601 mwaka 2001 na 57,264 mwaka 2011. Wanaoa wakiwa na umri mkubwa, watoto ni wachache, na wengi wa watoto hao wamesoma na kuhamia nje. Mkahawa wa familia unahitaji mtu wa kukaa kwenye dawati la hesabu kila siku. Boman Kohinoor alikuwa akipita meza kwa meza kuchukua maagizo hata alipovuka miaka 90, na alifariki Septemba 2019 akiwa na miaka 97.

Kodi ya nyumba nayo ni sababu yenye pande mbili. Sheria ya kudhibiti kodi ya Bombay ya mwaka 1947 iliwaacha wapangaji wa zamani wakilipa kidogo mno, na hilo liliwezesha mikahawa ya chai kuishi kwa faida ndogo. Lakini mwenye jengo asiyepata kitu hakarabati, na kila jengo linapouzwa au kubomolewa, mkahawa hauwezi kuhamia mtaa wa pili kwa kodi ya soko. Britannia, zaidi ya hayo, iko katika mtaa wa ofisi ambao jioni unabaki mtupu. Ndiyo sababu kwa desturi imekuwa ikipika mchana tu. Anayekwenda afike kabla ya saa saba, kwani vyakula huisha.

Zereshki zenyewe hutoka Khorasan Kusini, mashariki mwa Iran, huvunwa majira ya vuli, na tangu Marekani irudishe vikwazo mwaka 2018 kulipia bidhaa za Iran kwa benki kumekuwa kugumu. Ukiziona dukani Dubai au Muscat, chagua zenye wekundu wa kung'aa na zinazolegea mkononi. Zilizo na rangi ya kahawia iliyoiva ni za mwaka uliopita. Zitie kwenye mfuko usiopitisha hewa na uzigandishe. Kabatini, katika joto la pwani, miezi michache tu inatosha kuzitia weusi.